Mkwe Asiyenitazama

Kabla hajamwoa binti yangu, alikuwa akinywa chai jikoni kwangu kama mtoto wa jirani. Alikuja Uyole kila alipopata likizo, amevaa fulana ya kikosi cha kuzima moto, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa kwa sababu baridi ya Mbeya ilimshangaza. Alidhani Afrika yote ni joto. Nilimpenda. Naliweka hilo hapa mwanzoni, maana kwa niliyomfanyia baadaye msomaji ana haki ya kudhani vingine.

Ni Mwapache. Mtaani walimwita mzungu tu, ingawa rangi yake ni maji ya kunde na nywele zake nyeusi amezisuka mkia mmoja mrefu unaolala mgongoni, mkia uliowapa akina mama wa jumuiya yetu mazungumzo ya kutosha. Mimi nilimwita Mhindi Mwekundu, jina nililoliokota kwenye sinema za zamani, mpaka binti yangu akanikemea.

"Mama, hilo siyo jina lao. Wana la kwao."

Kwao ni Arizona, Amerika, kwenye milima yenye misitu ya misindano, na watu wake wanasifika kwa kupambana na moto wa msituni. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta huku. Alikuja kufundisha vijana wa mashamba ya miti karibu na Mafinga namna ya kukata barabara za kuzuia moto, na binti yangu, ambaye ni afisa misitu, ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Kutafsiri kukazaa mengine.

Pale jikoni alinisimulia habari nyingi, kwa Kiswahili chake cha kazini, cha sentensi fupi fupi. Alisema watu wake zamani walihama na majira, wakifuata chakula kinakoiva. Walikuwa na mmea ndugu wa mkonge, huu wetu wa katani. Walichimba moyo wake, wakauoka shimoni juu ya mawe ya moto mpaka ukawa mtamu kama muwa. Nilicheka sana siku ile. Nikamwambia wifi yangu kwamba binti anaolewa na watu wanaokula katani. Alisema nyumba zao zilikuwa za matawi na nyasi, na waliozijenga ni wanawake. Mtu akifa, nyumba yake ilichomwa moto na vitu vyake, watu wakahama, na jina lake halikutajwa tena hovyo. Mama yake mwenyewe alikuwa amefariki. Nilipomuuliza jina la mama huyo aliinuka kuongeza mkaa ambao haukuhitaji kuongezwa. Nikaelewa, nikamwacha. Kwa hiyo siwezi kusema sikuwa na akili ya kuelewa mambo ya watu.

Alinieleza na habari za askari waliokuja na kuwafukuza mlima hadi mlima. Wengine walipakiwa kwenye treni, wanawake na watoto pamoja, wakapelekwa nchi ya mbali ya joto na maradhi. Waliobaki wakafungiwa kwenye kipande cha ardhi yao wenyewe. Mama wa bibi yake alichukuliwa shule akiwa mdogo, akakatwa nywele, na akisema neno la kwao anaoshwa mdomo kwa sabuni. Hapo mimi nikaweka kikombe chini nikamsimulia kile kibao tulichovalishwa shingoni shuleni ukikutwa unasema Kinyakyusa, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako naye amekosea umvishe yeye. Alinitazama muda mrefu. Ndiyo, wakati ule alikuwa ananitazama.

Hofu yangu ilikuwa moja tu: Amerika. Binti yangu ni mtoto wa pekee. Baba yake alifariki mtoto akiwa sekondari, na tangu hapo nyumba ilikuwa mimi, yeye, na wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye alikuja msibani akakaa moja kwa moja. Nikimkosa huyu, nilijiambia, nabaki na wifi na televisheni. Majirani walinisaidia kuogopa. "Mjukuu utamwona kwenye simu," waliniambia, tena kwa upole, kama watu wanaotoa pole mapema.

Siku moja nikamuuliza kavukavu. "Baba, utanichukulia mtoto?"

"Hapana, mama," akasema. "Kwetu mwanamume ndiye anahama. Anakwenda kwa mama wa mke."

Nikacheka tena. Nilimwona kama wachumba wote, wenye asali mdomoni mpaka siku ya ndoa.

Harusi tuliifanya Uyole, na hapo nilifanya jambo la kwanza la kunipa aibu, ingawa wakati ule nililiona ni ubunifu. Niliwapanga watoto wa kwaya wavae manyoya ya kuku kichwani na waingie ukumbini wakipiga kelele huku wakijigongagonga midomo kwa viganja, kama kwenye zile sinema. Nilitaka ajione nyumbani. Shangazi yake, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, alikuwa akifuatilia sherehe kwa simu kutoka kwao. Bwana harusi alisimama, akatabasamu kwa midomo tu, akampa mkono mtoto mmoja mmoja hadi wa mwisho. Baadaye binti yangu alinieleza kwamba kwao unyoya ni kitu cha sala, na kwamba kuna wakati watu wake walikatazwa hata kucheza ngoma zao za kuwaombea wasichana wanaovunja ungo. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hilo nilisamehewa siku ileile, na ningefurahi kama lingekuwa ndilo kubwa.

Kesho yake walikuja kuaga kabla ya kurudi Mafinga. Nilitoka chumbani na kitenge kipya, nimeinyoosha mikono miwili. Mkwe wangu alikuwa amekaa sebuleni. Aliponiona aliinuka, akageuza uso ukutani, akapita mlango wa nyuma akaenda kusimama katikati ya viazi vyangu. Akabaki huko amenipa mgongo mpaka gari lilipowashwa.

"Haya," akasema wifi. "Ameshapata alichokuwa anakitaka."

Ilikuwa hivyo kila mara. Wakija, mimi nikiingia kwa huku, yeye anatoka kwa kule. Nikipika, anakula barazani. Salamu zake ananiletea binti yangu: amesema hivi, ameuliza vile, amekuletea asali. Mwenye asali yuko nje ya dirisha, namwona kisogo! Binti alinieleza tangu siku ya kwanza. "Mama, kwao mwanamume akishaoa hamtazami mama mkwe wake. Hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote."

"Heshima ya kunikimbia kama nina upele?"

"Hakukimbii. Anakupisha."

Sikutaka kusikia. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Mabinti wote wanaoolewa hupita kwangu kufundwa, na miaka yote nimewaambia kwamba mambo ya wakwe kukimbiana Kristo ameyamaliza, kwamba mkwe ni mtoto na mama mkwe ni mama. Leo mtaa mzima unaona mkwe wangu mwenyewe anaruka viazi akisikia ndala zangu. Nikienda dukani naulizwa, "Mkwe hajambo? Siku hizi anakusalimia?" Najibu hajambo, nachukua sukari yangu, uso unawaka mpaka nyumbani.

Mjukuu alizaliwa wakati wa baridi kali. Nilipanda basi hadi Mafinga na unga wa ulezi, ndizi, na mbeleko mbili, kwenda kumlea binti yangu arobaini yake. Waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba la miti, vyumba viwili na sebule, na ukungu wa huko unaingia hadi ndani ya sufuria. Nilipoingia mlango wa mbele, nilimwona kwa dirisha anatoka uani amebeba blanketi na mto. Alihamia stoo ya vifaa vya kuzimia moto, kwenye sakafu ya saruji. Majirani waliona. Mmoja alinisimamisha bombani akaniuliza kama tumegombana.

Nilikasirika, na hasira yangu ikatafuta pa kushika. Shangazi yake alikuwa ametuma kwa ndege kitanda cha mtoto cha kwao, ubao uliopindwa juu kama upenu mdogo wa kuzuia jua, wenye kamba za ngozi. Mtoto anafungwa humo amenyooka, halafu unamsimamisha ukutani anakutazama ukifanya kazi. Nilisema mjukuu wangu hafungwi kwenye ubao kama samaki wa kukausha, nikamtoa, nikamweka mgongoni na mbeleko. Siku nyingine nikakuta mtoto ana vumbi la njano kwenye paji la uso. Nikalifuta kwa kitambaa cha maji na kuomba kwa sauti. Binti yangu, amelala na maumivu yake, akasema lile ni vumbi la maua ya matete, baba yake amemwombea maisha marefu. Nikasema sisi tunaombea kwa jina moja tu. Kuta zilikuwa nyembamba, na yeye alikuwa uani.

Wakati huohuo, kila asubuhi nilipofungua mlango wa jikoni nilikuta kuni. Zimepangwa vizuri ukutani, kavu, zimepasuliwa nyembamba, ndogo kuliko za watu wengine wote pale kambini. Pipa la maji limejaa. Mara kuna paja la mbuzi limetundikwa, mara kuku ameshanyonyolewa. Nilidhani ni utaratibu wa ofisi kwa mfanyakazi aliyejifungua. Nikawa nasema moyoni, angalau ofisi ina utu.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa langu walikodi gari kutoka Mbeya kuja kumwona mtoto. Wifi alikuwa miongoni mwao. Mkwe wangu aliwapokea sebuleni, mtoto mkononi, akawasalimia wote kwa mkono. Anajua adabu yetu, anainama hasa. Mimi nilikuwa jikoni na chai, kwa kuwa yuko sebuleni. Wakaimba, wakacheka naye. Halafu nikasikia mmoja, mwenye sauti ya juu, anasema, "Mwenyekiti wetu anatufundisha wakwe tupendane, kumbe kwake anakaa jikoni kama msichana wa kazi!"

Wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini mimi nilisikia miaka yangu yote ya kusimama mbele na kufundisha ikichekwa pale, na nikaamua kwamba leo inaisha.

Nilimwita wifi nikamwambia asimame kwenye mlango wa jikoni, asitoke. Wifi ni mtu wa mwili. Akisimama mlangoni, mlango haupo. Kisha nikabeba sinia ya chai, nikazunguka nyumba kwa nje, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikaufunga kwa kisigino.

Alinisikia. Aliinuka, akampa mama mmoja mtoto, akaangalia mlango wa jikoni, akamwona wifi. Akaangalia dirisha. Nafikiri kama lisingekuwa na nondo angepita. Mwisho akavuta kofia yake ikafunika macho, akageukia ukuta, akasimama hapo kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Mtu mzima, ambaye vijana wa kambini walisema anaingia wa kwanza kwenye moshi na kutoka wa mwisho.

"Leo utanisalimia," nikasema.

Nikaweka sinia mezani. Nikamshika mkono, nikamgeuza, nikamvua kofia kwa mkono wangu huu. Alikuwa amefumba macho.

"Fumbua. Niangalie. Mimi ni mama yako, siyo chui."

"Mama, acha!" Binti yangu aliita kutoka chumbani. Nilimsikia. Nataka ieleweke kwamba nilimsikia.

"Fumbua macho, baba, mbele ya mashahidi hawa."

Akafumbua. Nilitegemea kukuta kiburi mle, au hasira, na kwa vyote viwili nilikuwa nimejiandaa. Nilichokuta ni aibu. Alikuwa anaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na hakuwa na mkono wa kujifunika kwa kuwa nilikuwa nimeushika mimi. Machozi yalimlengalenga. Akasema kwa Kiswahili safi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Na wale akina mama wakapiga vigelegele. Walipiga kweli, mmoja akasimama na kucheza. Mimi nikamimina chai, na nakumbuka nilijaza hata kisahani.

Binti yangu alisubiri mpaka gari la Mbeya lilipoondoka. Niliingia chumbani na bakuli la uji akanitazama kana kwamba nimeingia nyumba isiyo yangu.

"Umefurahi?"

"Nilitaka tuwe familia."

"Kuni unazopikia, unadhani anapasua nani?"

"Vijana wa ofisi."

"Ofisi gani, mama? Anaamka yeye kabla hujaamka. Anazipasua nyembamba kwa sababu nilimwambia kidole gumba chako cha kulia kinauma. Kwao mkwe anamwindia mama mkwe wake maisha yake yote. Nyama nzuri inakwenda kwake kwanza. Na hamwoni. Mama mkwe anajua mkwe wake yupo kwa kukuta chakula mlangoni." Akapumua. "Bibi yake alikuwa akiimba akitembea, ili mume wa binti yake asikie apishe njia. Alikuwa anamsaidia. Ni watu wawili wanaolinda kitu kimoja."

Nikasema nilikuwa sijui. Akasema nilikuwa naambiwa.

Kisha akasema lile lililonimaliza. "Kwani wewe hukumkimbia babu? Ulimkimbia miaka yote. Ulikuwa unamdharau?"

Nilikaa kitandani, upande wa miguu yake. Babu anayemsema ni baba mkwe wangu. Niliolewa Rungwe, nyumbani kwake, wakati ambapo mke wa mtoto hakuwa na ruhusa ya kuonana na baba wa mume. Nikimsikia anakuja, naacha njia naingia migombani, nachuchumaa, najifunika khanga kichwani mpaka apite. Jina lake sikulitaja. Nilikuwa msichana wa shule, nimesoma kupita wenzangu, na nililia kwa hasira chini ya ile migomba. Ndiyo maana nilipopata sauti kanisani niliitumia kuipinga mila ile, na sijutii kumwambia binti yeyote kwamba yeye siyo mnyama wa kujificha.

Lakini kuna upande ambao sikuwahi kuwaambia mabinti wale, kwa kuwa nilikuwa nimeusahau kwa makusudi. Mzee yule alikuwa akigonga fimbo yake kwenye mawe tangu mbali, kwenye kona ya kisima, ili nipate muda na nisiumie kukimbia. Nilipokuwa mjamzito aliacha kabisa kupita njia ile. Akazunguka kilima kizima na magonjwa yake ya miguu. Ndizi bora za shamba lake zilikuwa zikiwekwa nyuma ya jiko langu, na hakuna aliyewahi kusema zimetoka kwa nani. Uso wake niliuona mara moja, jenezani. Nilimlilia kuliko watoto wake aliowazaa, mpaka watu wakashangaa. Nilikuwa nimemzoea kwa mlio wa hatua zake na kikohozi chake, na nilijua ananipenda. Nilijua wakati ule. Halafu nikaja kukutana na pendo lilelile mlangoni kwangu, limepangwa ukutani kavu na jembamba, nikaliita dharau.

Binti yangu hakuwa amemaliza. Akaniambia kwamba walikuwa wamekubaliana wahamie Uyole. Mumewe alitaka kujenga nyuma ya nyumba yangu, kwenye viazi, mlango ukitazama mashariki kama nyumba za kwao, na mstari wa miti katikati ili mimi nitembee uani kwangu kwa uhuru. Walikuwa wakisubiri arobaini iishe ndipo aniletee ombi. Lile neno la jikoni, kwamba mwanamume ndiye anahama, halikuwa asali ya mchumba.

"Na sasa?"

"Sasa anasema hawezi kwenda kukaa kwa mama aliyekwisha kumtazama hivyo. Amekubali kazi kwao, msimu wa moto ukianza. Tutakwenda wote."

Tangu siku ile mkwe wangu alinisalimia kila asubuhi. Aliingia kwa mlango wa mbele, akatua kuni, akanitazama usoni, akasema shikamoo mama. Alikula mezani nami. Aliniuliza habari za safari na za kanisa. Alikuwa na adabu kama karani wa benki, na mimi nilimeza kila tonge kwa shida. Majirani walifurahi. Yule wa bombani akaniambia, "Umeona? Mlihitaji tu kukaa chini." Nilimwitikia, nikajitwika ndoo yangu nikaondoka.

Wakaenda. Nikabaki na wifi na televisheni, kama nilivyokuwa nimeogopa, isipokuwa nilipokuwa naogopa nilidhani atakayeyaleta hayo ni yeye, siyo mimi.

Simu zikaanza. Binti anapiga, namwona mtoto, anaota meno, yuko kwenye ubao wake amesimamishwa kando ya mlango anacheka. Halafu mkwe wangu anainamia kioo, uso wake unajaa wote. "Shikamoo, mama." Na mimi, "Marahaba." Kila nilipoitikia nilikuwa naona tena kofia ile mkononi mwangu. Akina mama wakinikuta kwenye simu hizo, wanasifu: mkwe sasa amekuwa mtu. Siku moja nikashindwa. Nikawaambia palepale kwamba vigelegele vya Mafinga tulivipiga juu ya dhambi yangu. Wakatazamana. Mmoja akasema uzee unaniingia vibaya, na nadhani ndivyo wanavyoelezana mpaka leo.

Kisha nikamwambia binti yangu anifanyie kazi yake ya zamani, ya kutafsiri. Amuulize shangazi wa mumewe: mama mkwe aliyeivunja heshima ile, ana la kufanya? Jibu lilichukua muda kuja, na binti yangu alilileta taratibu. Shangazi alikuwa amecheka kwanza. Halafu akasema heshima ile ni ya mama mkwe. Akiitaka, aiombe mwenyewe, na akiipata asiichezee tena.

"Basi mwambie naomba," nikasema. "Mwambie naomba asinitazame."

"Watu watakusema, mama."

"Wanisemeje tena?"

Nikang'oa viazi kwa mstari, kutoka chooni hadi kwenye uzio, nikapanda miche ya misaipresi. Wifi alisimama na mikono kiunoni akaniuliza namjificha nani, ng'ombe wa jirani? Nilimwambia ashike ndoo amwagilie. Sikuwa na ahadi yoyote kutoka Amerika. Sina hata sasa. Inawezekana kabisa kwamba anafanya ninavyoomba kama alivyofanya nilivyoamrisha, kwa sababu ni mtu wa kutii wakubwa, na kwamba kilichovunjika kimevunjika. Hilo nalilala nalo, naamka nalo.

Jumapili iliyopita simu iliita tukiwa sebuleni, mimi na wifi. Binti yangu alikuwa jikoni kwake, mtoto pajani. Nyuma yake mkwe wangu alikuwa mezani anakula. Kabla binti hajamaliza kusema "Mama, hamjambo," nilimwona anaweka kijiko, anainuka bila haraka, ameelekeza uso pembeni, anachukua sahani yake. Akatoka. Nikasikia mlango wa nje unafungwa.

Baadaye sauti ikasema kitu kwa nje, na binti yangu akageuka kusikiliza. "Anauliza ile miti imefika wapi."

"Mwambie imenifika magotini," nikasema.

Wifi alikuwa ameona yote juu ya bega langu. Akafyonza. "Jamani! Bado tu anakukimbia?"

"Bado," nikamwambia.